Kimya Kando ya Kitanda

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, masomo yanakwenda. Bweni limepakwa rangi, na maharage yetu bado yana mawe. Tunataniana kwamba chuo kinatufundisha kutafuna.

Uliponiuliza kwenye simu kama bado nasali, nilisingizia mtandao. Ukweli ni kwamba tangu tumzike Mama, nikipiga magoti sisikii kitu. Sina hasira, Baba. Ni kama mkono uliolaliwa: upo, ila umekufa ganzi.

Juzi mama wa mwenzangu wa chumbani aliingizwa kufanyiwa upasuaji. Mwenzangu akaniambia, "Wewe ni binti wa mchungaji, niombee."

Nikamjibu, "Maneno sina, dada."

"Basi kaa nami."

Tukapiga magoti kando ya kitanda chake pale bwenini, nimemshika mkono, kimya, mpaka simu ikaita. Mama yake ametoka salama. Mwenzangu akalia kwa furaha. Mimi nikamkumbatia, kisha nikaenda kufua.

Najua Jumapili utanitaja kanisani. Tafadhali usiwaambie kwamba nimesimama imara. Waambie tu kwamba sijaondoka.

Ni mimi,
kitinda mimba wako