Kioo cha Cheti Changu

Sumbawanga, Jumanne, mwezi wa Julai.

Asubuhi ya leo ukungu ulikaa juu ya mtaa wa Malangali hadi saa tatu, na baridi ilikuwa ile ya Ufipa, inayomwingia mifupani hata mtu aliyezaliwa humu. Upepo haukupumzika. Naandika jua likiwa linazama, mikono yangu ikinuka sabuni na mpira.

Nitaeleza kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa, ingawa mpangilio hautanipunguzia aibu.

Baba anaumwa kifua. Amekuwa seremala wa misheni tangu kabla sijazaliwa, na sijapata kumwona akikaa bure mchana. Sasa, tangu tuvune ulezi, anapumua kama mtu anayepanda mlima ilhali ameketi. Daktari wa misheni amesema kuna maji yaliyozunguka pafu, na kwamba vifaa vya kuyatoa viko hospitali ya Mbeya, mwendo wa siku mbili. Kisha akatoa sharti moja, akalirudia mara mbili ili mimi, msomi wa nyumba, nilishike vizuri: mgonjwa asipigwe na upepo njiani, wala asivute vumbi.

Bwana Hamisi, mwenye duka karibu na soko, amejitolea kumchukua. Gari lake lilibaki kutoka vita vya Hitla. Ni fupi, la kijani, na hupita mahali ambapo ng'ombe wanasita. Ila madirisha ya milango yake yalikuwa ya turubai, na turubai lilikwisha kuchanika. Kwa hiyo aliagiza vioo viwili pamoja na mipira yake, vikafika juzi kwa lori. Anaondoka kesho alfajiri, maana mzigo wake unamngoja Mbeya na hauwezi kungoja zaidi.

Nikaomba ruhusa bomani, ambako tangu mwezi wa tatu, niliporudi kutoka chuo kikuu kule Uganda, ninafanya kazi chini ya Bwana Shamba. Nilijiambia kwamba nakwenda kumsaidia Fundi Shabani, anayemtengenezea Bwana Hamisi gari lake, kufunga vioo kwa ajili ya Baba. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kijitabu cha maelezo kilichokuja na vioo kilikuwa cha Kiingereza, na kwamba katika uwanja ule wa Bwana Hamisi mtu wa kukisoma alikuwa mimi peke yangu.

Fundi Shabani hakukihitaji. Aliuloweka mpira katika sufuria ya maji ya moto mpaka ukalegea, akauvisha kioo pande zote nne, kisha akapitisha kamba ya katani katika mfereji wa mpira, ncha zake zikining'inia upande wa ndani. Akapaka sabuni. Akaniambia nikibane kioo mlangoni kwa viganja, mimi nikiwa nje, naye ndani akawa anaivuta kamba taratibu. Kila kamba ilipotoka, mdomo wa mpira ulipanda juu ya ukingo wa bati na kuushika. Dirisha la dereva likakaa kana kwamba lilizaliwa na gari.

Nikamweleza kwamba kijitabu hakikutaja maji ya moto.

"Aliyekiandika hajalala Ufipa mwezi wa saba," alijibu. "Bwana Msomi, mpira huu haujui Kiingereza. Unajua joto na baridi tu."

Wabeba mizigo wa Bwana Hamisi walicheka. Mimi sikucheka. Fundi akaingia jikoni kuchemsha maji mengine kwa ajili ya dirisha la pili, lile la kushoto, ambako Baba atakaa.

Ndipo Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa bomani, alipoingia uwanjani kuulizia barua zake. Alinitambua, akasimama. Akaniuliza kwa Kiingereza kama najua ninachokifanya.

Nilimjibu kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba najua.

Ningeweza kungoja maji. Yalihitaji muda usiozidi wa kumsalimia mtu mzima na kumjulia hali ya watu wake. Lakini Mzungu yule ndiye atakayeandika neno juu ya kazi yangu mwisho wa mwaka, na nilitaka anione nikitenda, si nikingoja. Nikauchukua mpira wa pili ukiwa baridi, mgumu kama ngozi kavu. Nikauvisha kioo, nikakiweka mlangoni, nikachukua bisibisi na kuanza kuusukuma mdomo wa mpira kwa nguvu, huku nikisoma kijitabu kwa sauti ili asikie.

Kioo kililia mara moja tu. Ufa ulianzia kwenye pembe, ukakikata hadi upande wa pili, na nusu yake ikaanguka miguuni mwangu.

Bwana Shauri alitazama saa yake, akaenda zake.

Fundi Shabani alitoka na sufuria ikifuka mvuke. Nilijiandaa kwa dhihaka. Nafikiri ningeipokea kwa shukrani. Aliiweka sufuria chini. "Pole, Desideri," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Kioo kingine kutoka Mbeya kingechukua wiki tatu. Tulijaribu gunia, fundi akapeperusha vumbi kwa nje, nami niliyekaa ndani nikakohoa. Bwana Hamisi akasema ubao hautafaa, kwa kuwa dereva lazima aone ukingo wa barabara upande ule. Kisha akanitazama kwa upole. "Kijana wangu, tafuta kioo popote. Mimi mzee wako sitamwacha, lakini sitaki kumfikisha Mbeya akiwa amekwisha."

Nilijua kilipo kioo. Nilikijua tangu ufa ulipolia, nikajifanya sijui.

Nilipohitimu, Baba alikitengenezea cheti changu fremu ya mninga. Kioo chake alipewa na mapadre walipobadilisha dirisha la chumba cha sakristia, naye akakataa kukipunguza, akisema kioo kizuri hakikatwi bila sababu. Basi cheti kikawa kama kisiwa katikati ya kitambaa cheupe. Mama alipoiona fremu ile ukutani aliuliza, "Hiki ni cheti au umetutobolea dirisha jingine?" Kila mgeni anayefika kwetu Kasense huketishwa mkabala nacho. Baba hajui kusoma Kiingereza kilichoandikwa humo, ila hukifuta vumbi kila Jumapili baada ya misa.

Niliendesha baiskeli hadi Kasense. Baba alikuwa nje, nyuma ya ukuta, akiota jua ndani ya blanketi mbili. Nilimwamkia kwa haraka, nikaingia ndani kama mwizi. Nikaiteremsha fremu, nikaiweka kitandani kifudifudi, nikaanza kung'oa misumari kwa koleo.

"Anza na ubao wa juu," ilisema sauti kutoka nje. "Ukianza na wa chini kitapasuka."

Nilisimama. Mtu aliyeng'oa misumari miaka thelathini huijua sauti yake hata nyuma ya ukuta.

Nikaanza na ubao wa juu.

Nilipotoka nimekibeba kioo ndani ya shuka, nilianza maelezo niliyoyapanga njiani, marefu, yenye sababu ya kwanza na ya pili. Nilisema kwamba kioo cha gari kimepungua, kwamba cheti hiki, kwa heshima ya kazi yake, ningependa sana...

"Karatasi haisikii baridi," Baba alisema. Kisha akauliza, "Vipimo?"

Nikampa vipimo vya dirisha. Alikipima kioo kwa shubiri na vidole. Upana ulitosha na kuzidi kidogo. Kimo kilipungua vidole vitatu.

"Lete ubao wa chini wa fremu. Na randa."

Mama alikataa. Alisema daktari amemkataza kazi, na kwamba akianguka hapo, yeye Mama hatambeba. Baba akamjibu kwamba hataanguka, maana ameketi. Akauranda ubao ule wa mninga. Alipumzika mara nne. Kila alipopumzika niliisikia pumzi yake ikitafuta njia, nami nimeshika kioo. Mwishoni alichonga mfereji mwembamba wa kukalisha kioo, akapitisha kidole chake ndani yake, akanipa.

"Huo ukae chini," alisema, "maji ya mvua yasisimame."

Hatuna mvua hadi Novemba. Aliupima ubao ule kwa miaka, si kwa safari moja.

Mjini, Fundi Shabani alikikata kioo upana wake, akakikalisha juu ya ubao, akauzungusha mpira uliolegezwa kwa maji ya moto. Safari hii alinipa kamba niivute mimi. Niliivuta polepole kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote. Kisha akaingia ndani, akafunga milango na kuwasha sigara, huku wale wabeba mizigo wakilipepea gari kwa magunia matupu. Upepo wa Ufipa nao ulisaidia bila kuombwa. Moshi ulipanda wima mbele ya uso wake. Haukuyumba.

"Mzee wako atalala humu kama mtoto," alisema aliposhuka.

Cheti changu sasa kimo ndani ya kopo la biskuti, kimekunjwa mviringo. Ukutani imebaki alama nyeupe ya mraba.

Bado kuna jambo moja. Sikumwambia Baba kwamba kioo kilikuwepo, na kwamba mimi ndiye niliyekivunja, wala kwamba nilikivunja ili nionwe. Nilisema kimepungua. Naye hakuuliza, na sijui kama hakuuliza kwa kutojua au kwa kunihurumia. Nimeandika Kiingereza kingi maishani mwangu, na ripoti ambazo wakubwa wamezisifu. Sentensi hii moja ya Kiswahili nimeibeba tangu saa nane mchana, nami sijapata kuitua.

Mama ndiye atakayefuatana naye. Mimi nitabaki, maana kesho nina kazi bomani, na daktari hakunificha kwamba watu wengine wa hali yake hawarudi.

Nitafika kwa Bwana Hamisi kabla hawajapanda. Nitamwambia Baba mlango ukiwa bado wazi. Ukishafungwa nitakuwa nimechelewa, kwa sababu mpira ule tumeukaza vizuri, na sauti yangu haitapita.