Kasha la Bibi Juu ya Rundo

Shangazi Gudveig,

Natumaini mvua ya Bergen imekupumzisha kidogo. Huku viazi vimechipua, nami nimemaliza shule.

Mkesha wa Mtakatifu Yohana, Baba alisafisha banda la mashua na kupeleka takataka ufukweni zikachomwe kwenye ule moto mkubwa wa kila mwaka. Nilipofika, kijiji kizima kilikuwa kinakula soseji, Baba kashika kiberiti, na juu ya rundo nikaona kasha la mashairi ya Bibi.

Nikapanda. Mimi, niliyeshindwa hata kujibu maswali darasani!

"Solrun, shuka! Unatuaibisha."

"Ni mashairi ya Bibi, Baba."

"Nyimbo za harusi za majirani tu! Aliziandika kama alivyofuma soksi."

"Basi vua na hizo soksi alizokufumia, uzitupe humu!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliinamia miguu yake, kisha akarudisha kiberiti mfukoni.

Tangu siku hiyo hatuzungumzi. Lakini kila asubuhi ninanakili mashairi matatu, na Jumamosi nitayasoma ukumbini, kwa sauti, Baba awepo asiwepo. Jina la Bibi nitalitaja kwanza, maana kwenye karatasi za nyimbo walizogawiwa wageni harusini hakuna aliyewahi kuliandika.

Njoo ukae mbele nikuone.

Wako,
Solrun