Kondoo wa Maabara Tulimla

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada maana sili wala silali. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja huku Karagwe, kazi yangu ni kuotesha vimelea vya wagonjwa ili daktari ajue dawa ipi inaviua, na vingine haviwezi kuota bila damu, ndiyo maana tulifuga kondoo nyuma ya maabara, tunamtoa damu kidogo bila kumdhuru, naye anakula maganda yake ya ndizi. Katibu wa hospitali akasema tubane matumizi, kondoo ni gharama ya bure, basi akachinjwa siku ya kumuaga daktari aliyehamishwa, na mimi nilikula, tena niliongeza mchuzi. Tangu hapo tunaotesha kwenye sahani zisizo na damu, na katibu ametukataza kuwaambia madaktari, eti wagonjwa watakimbilia kwingine, kwa hiyo visipoota tunaandika hakuna vimelea. Juzi jirani yangu wa Ihembe, nimwite Adela, akamleta mtoto wake, shingo imekakamaa, nikapokea maji ya uti wa mgongo, hakikuota kitu, nikaandika vilevile, na daktari akasitisha sindano za kuua vimelea alizokuwa amemwanzishia. Sasa mtoto akiitwa haitiki, na Adela ananishika mkono ananiambia, "Mdogo wangu, afadhali umempima wewe." Nikisema nitafukuzwa, na wazazi wananitegemea mimi. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Pole, ila pole kubwa nimemwekea Adela. Katibu wenu ana makosa, tena mazito, lakini jibu lile hakuliandika yeye. Kutoka maabara hadi wodini ni kuvuka ua tu, wewe ukaona karibu ni kuniandikia mimi Bukoba! Unaogopa kupoteza kazi gani? Ya kuandika majibu usiyoyapata?

Nenda kwa daktari sasa hivi, na sare yako hiyohiyo. Mwambie jibu ulilompa si jibu, hamkuwa na damu ya kuoteshea. Arudishe sindano leo, kipimo kipelekwe hospitali inayokiweza. Tangu sasa kipimo msichokiweza kiandikwe hakijafanyika. Katibu akifoka, afokee mbele ya mganga mkuu. Kondoo wapo mnadani.

Najua magazeti huchelewa kufika huko. Ukinisoma mtoto angali hai, anza na daktari. Ukikuta kitanda kimeshatandikwa upya, anza na Adela. Mwambie yote, usimfiche hata ule mchuzi.