Mwalimu Guyo Alivyonifanya Mama wa Kiborana

Mjukuu wangu Ekai,

Habari ya Eldoret na masomo? Sisi hapa Ngaremara tunaendelea. Mama yako sasa ni naibu wa mwalimu mkuu, na kila mtu anajua ni nani alimzaa.

Umeuliza kwa nini nimemlilia Mwalimu Guyo, Mborana, kama ndugu yangu. Yeye ndiye aliongoza mchezo wetu wa kuigiza pale sokoni Isiolo, wakati watu waliuana kwa sababu ya mifugo. Sheria yake ilikuwa moja: Mturkana aigize Mborana, na Mborana aigize Mturkana. Mimi akanipa mama wa Kiborana aliyeuliwa mtoto. Na sisi tulikuwa tumemzika kaka yangu juzi tu.

"Mwalimu, hao ndio walimuua. Siwezi kuwalilia."

"Basi usilie, dadangu. Kaa tu chini, uite jina la mtoto."

Nikakaa, nikaita, na sauti ikanikatikia. Ekai, Isiolo hakuna mwigizaji amewahi kulia kama mimi. Hata wauza miraa waliacha kuuza. Mama mmoja Mborana akatoka kwa watu, akaniuliza ni nani wangu amekufa. Nikamwambia. Akanipangusa uso na leso yake, akakaa na mimi mpaka mchezo ukaisha bila sisi.

Sasa Mwalimu tumemzika. Kule Kipsing wameanza tena kupigania maji, na vijana wameshika bunduki. Nimengoja mtu aje kuniita niigize. Hakuna amekuja.

Mungu akutunze. Ni mimi nyanya yako, na sauti bado ninayo.