Msimamizi Wetu wa Ndoa Anataka Nitangulie Korongoni

Shangazi Zdravka, shikamoo. Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na tafadhali usinipe pole, kwa sababu pole nimeshapewa na mji mzima na kila moja ilikuwa na kicheko ndani yake.

Naitwa Svilena, nina saluni hapa Razlog na nitaolewa na Ognyan baada ya Pasaka, Mungu akipenda na Stamen akipenda, maana huyo Stamen ndiye msimamizi wetu wa ndoa, na baba yake ndiye aliyewasimamia wazazi wa Ognyan, yaani usimamizi wenyewe umerithiwa kama shamba, na wewe unajua kwetu neno la msimamizi halirudiwi mara mbili, ukimuudhi wanasema hata kuzaa hutazaa. Mwoga mimi siye. Niko juu ya ubao wa theluji tangu darasa la tano, na kwa miaka kadhaa sasa sisi watatu, mimi, Ognyan na Stamen, tunaziacha zile njia za watalii zilizosawazishwa kwa mashine na kupanda wenyewe nyuma ya mlima, kwa mbao zetu zinazotenganishwa katikati zikawa mbili, unabandika ngozi chini zisikurudishe nyuma, unapanda nazo kwa miguu yako mpaka jasho likutoke kwenye baridi, ukifika juu unabandua ngozi, unaunganisha ubao na kushuka mahali ambapo hata sungura hajapita, na anayeijua raha hiyo hahitaji kuelezwa.

Basi Jumamosi tulikula banitsa ya moto, ule mkate wetu wa jibini, pale chini, tukapanda viti vya kwanza vya asubuhi vinavyovutwa na waya hadi juu, tukavuka kamba ya mpaka wa eneo la watalii na kuanza kupanda, jua zuri, moyo mweupe, mimi mbele nafungua njia, ila upepo ulikuwa umevuma siku kadhaa na ulikuwa umesomba theluji yote ya mgongoni mwa mlima na kuimwaga kwenye Korongo la Kengele, ambako Stamen alikuwa ameamua tushukie. Kabla ya kuingia nikatoa sepeto langu nikachimba shimo pembeni, nikakata kipande cha theluji kikasimama peke yake, kama tulivyofundishwa, maana unakipigapiga kwa juu uone kinastahimili kiasi gani, kwanza kwa kiganja, halafu kwa kiwiko, halafu kwa mkono mzima.

"Svilena, kaburi la nani hilo?" akasema Stamen, anamimina rakia, pombe yetu kali, kwenye kifuniko cha chupa.

"La asiyetazama, baba msimamizi," nikamjibu, bado tunataniana.

Nikapiga kwa kiganja tu, Shangazi, tena polepole, na tabaka lote la juu likachomoka likateleza kama sinia kwenye meza yenye maji. Nikamwambia Ognyan, "Umeona?" Ognyan akavua miwani akaanza kuifuta.

"Theluji hii mimi naijua tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu," akasema Stamen. "Bibi harusi hamfundishi msimamizi wake."

"Simfundishi. Nasema mimi hapa sishuki, na tulishakubaliana, mmoja akisema hapana wote tunageuka."

"Hiyo ni sheria ya marafiki, binti. Mimi si rafiki yako, mimi ni msimamizi wako."

Nikaona damu inanipanda, nikabandika ngozi zangu, nikageuka na kurudi nilikotoka bila kuangalia nyuma, na wao wakashuka korongoni, na Shangazi, hakikutokea kitu. Hakikutokea kabisa. Nilipoingia mkahawani alasiri, baada ya kutembea peke yangu kwa saa nyingi ili nipoe, walikuwa wameshafika, viatu vimefunguliwa, supu mezani, na Stamen akamwita mhudumu kwa sauti watu wote wasikie, "Mleteeni mgonjwa chai ya maua," halafu akaniambia, "Tumeshuka mara mbili, Svilena. Korongo limelala kama mtoto aliyenyonya." Watu wakacheka na Ognyan akacheka nao, si sana, ila alicheka.

Sasa mama mkwe wangu mtarajiwa analia, anataka niende kwa Stamen na mkate, mvinyo na kuku wa kuoka kama desturi inavyotaka, nimwombe radhi, na Stamen ameshatuma salamu kwamba radhi ya mdomo haitoshi, Jumapili tunarudi Korongo la Kengele na bibi harusi anatangulia kushuka, yaishe, la sivyo tutafute msimamizi mwingine. Ognyan anasema, "Shuka tu mpenzi, dakika mbili, tupate amani." Shangazi, mimi nina hakika na nilichokiona, lakini usiku najiuliza labda niligonga kwa nguvu mno, kwa sababu wao wameshuka wakarudi na mimi ndiye niliyebaki na aibu. Nishuke nimalize maneno, au nishikilie langu nivunje harusi iliyoungwa na vizazi viwili?

Svilena, Razlog

SHANGAZI ZDRAVKA ANAJIBU

Marahaba, Svilena. Pole sikupi, umekataa mwenyewe.

Jumapili huendi korongoni. Hilo halina mjadala, kwa hiyo tulitoe njiani. Mkono wako haukukosea. Uliiuliza theluji ikakujibu kwenye kiganja, na upepo uliokuwa umevuma ulikuwa umeshakwambia jibu kabla hujachimba. Wao kushuka salama kunathibitisha bahati yao na si kingine. Mlevi naye huvuka barabara kuu akafika ng'ambo, tena siku nyingi tu, lakini hatumpi kazi ya kuvusha watoto wa shule.

Sasa nikugombeze, maana umejipaka asali kidogo. Umeandika kwa fahari kwamba uliondoka bila kuangalia nyuma. Hapo ndipo ulipoharibu. Watu wawili wanaingia kwenye korongo ambalo wewe mwenyewe unaamini litaporomoka, na mtu wa tatu mwenye sepeto na kifaa cha kutafutia waliofukiwa anakwenda zake kwa sababu damu imempanda? Ungesimama pale mgongoni, mahali salama, ukawafuata kwa macho mpaka mtu wa mwisho afike chini. Ungekasirika ukiwa umesimama. Kama lingeporomoka, mchumba wako angekuwa na dakika chache tu za kupumua humo chini, na wewe ungekuwa kwenye njia ya watalii unamlaani msimamizi.

Kwa hiyo ndiyo, oka kuku. Beba mkate na mvinyo, vaa vizuri, ingia kwa Stamen kwa heshima zake zote, busu mkono kama nyumba yao bado wanabusu. Kisha omba radhi kwa kosa ulilolifanya, si kwa lile analolitaka yeye. Sema: "Baba msimamizi, nisamehe. Niliwaacha mshuke mahali pabaya bila mtu wa kuwaangalia, sitarudia." Halafu nyamaza, mkatie mkate. Hana pa kukushika hapo, na kama ana akili atausikia uzito wa maneno hayo kabla kuku hajaisha. Umwalike Jumapili hiyohiyo mkapande msituni, kule chini kwenye misonobari ambako mteremko ni mpole. Akikubali, mna msimamizi. Akikataa, basi alichokuwa anataka ni kukuona ukiinama, na msimamizi wa namna hiyo atawaingilia mpaka kwenye jina la mtoto.

Na ile laana ya kutozaa mwachie mama mkwe aiogope kwa niaba yenu wote. Msimamizi hupewa heshima kanisani, mezani na kwenye ubatizo. Theluji haijui nani alimsimamia nani. Kosa lenu ninyi watu wa bondeni ni kumpa mtu uongozi wa mlima kwa sababu baba yake alishika mshumaa kwenye harusi ya wazazi wa Ognyan, na kosa hilo mnalifanya watatu, wewe ukiwemo, kwa sababu hadi Jumamosi hukuwahi kuuliza nani kamchagua Stamen aamue mahali pa kushukia.

Lakini, mwanangu, Stamen umemwandika barua nzima na Ognyan umemwandika vijimstari. Mimi nimevisoma hivyo vijimstari mara mbili. Ameona tabaka likiteleza, akafuta miwani. Umechekwa, akacheka kidogo. Umeambiwa utangulie mahali ambapo panaweza kukufukia, akakuita mpenzi na kukuomba dakika mbili. Inaniuma kukwambia, lakini Stamen si tatizo lako. Unaogopa kuvunja harusi na hujauliza kama upande wa pili wa harusi hiyo kuna mtu amesimama.

Kabla ya kuoka chochote, kaa naye wawili tu. Usimgombeze. Muulize: "Ulipoona lile tabaka likichomoka, uliwaza nini?" Kisha funga mdomo, najua itakuwa kazi. Akisema hakuona kitu, anakudanganya, na unajua, kwa hiyo barua yako imeshajibiwa. Akisema, "Niliogopa, lakini sikuweza kumpinga msimamizi," mshike mkono, huyo ana pa kuanzia. Ila asiishie kukwambia wewe jikoni. Aje nawe kwa Stamen, na mvinyo usimiminwe mpaka aseme kwa kinywa chake, "Mimi pia niliona, na mimi pia sishuki."

Nyumbani kuna moto, kuna kuku, na hakuna anayeweza kufa. Kama hata hapo atashindwa kusimama upande wako, mpe pete yake taratibu, na utafute mwingine wa kupanda naye mlima, na mwingine wa kuishi naye.