Wamemtia Mama Yako Kwenye Picha

Bupe,

Sikuandikii kukuuliza hali. Wewe huna hali tena, na yangu usingependa kuisikia. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na katika Tukuyu nzima mtu niliyezoea kummwagia hasira zangu ni wewe, nawe umelala Mpuguso pembeni ya migomba ya kwenu, umenyamaza kana kwamba mambo haya hayakuhusu.

Yanakuhusu. Sikiliza.

Najua ungeanza kwa kuniuliza wameleta picha gani. Wameleta takataka. Banda la video la Mzee Shabani sasa limepigwa rangi, televisheni ni kubwa kama kabati, mbele kuna viti vya plastiki. Picha ndizo zimeharibika. Siku hizi anatuletea zinazotengenezwa Dar es Salaam. Nilifurahi nilipoambiwa. Nikasema, afadhali, tutaona watu wanaozungumza kama sisi, na Jordani apumzishe koo lake la kututafsiria. Nikafunga cherehani mapema nikaenda. Bupe! Gari linafika getini, linapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, linageuza, linaegeshwa, dereva anashuka, anafunga mlango, na sisi tumekaa tunatazama yote hayo kama matrafiki. Halafu sebuleni. Picha nzima sebuleni! Wanakunywa juisi, wanagombana, wanarudia juisi. Hakuna anayelima, hakuna anayelowa mvua, hakuna hata mwenye mafua. Dada mmoja anaamka asubuhi midomo imepakwa rangi, hereni masikioni. Wewe ungesimama palepale useme, "Huyu alilala au aliegeshwa?" Nilikaa nikisubiri mtu aseme neno kama hilo. Hakuna. Wote midomo wazi, wamemeza.

Nikamwomba Mzee Shabani aturudishie ule mkanda wa kareti wa zamani, wa yule mzee mpika uji anayewafundisha vijana kwa mwiko. Akauweka siku moja, mvua ilinyesha na wateja walikuwa wachache. Umechakaa, mistari inapita kwenye kioo na sauti inazama. Lakini nakwambia bado unazipiga picha zote mpya. Unajua kwa nini? Kwa sababu mle mtu akipigana anachoka. Anashika magoti, anahema, anamwangalia adui kama anayetaka kumwambia tupumzike kwanza. Hawa wa picha za Kimarekani wanatoka kwenye nyumba inayolipuka na shati limenyooka. Uliwahi kusema, "Huyo hana mama wa kumfulia, ndiyo maana haogopi kuchafuka." Nilicheka mpaka yule kijana wa mbele akageuka kutunyamazisha.

Steringi hafi. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yako. Picha ikianza unatafuta steringi, shujaa wa picha, ni nani, ukishampata unatulia, unakula karanga zako. Nami nilikuona ukitulia vilevile daktari alipokueleza habari ya moyo wako. Nilikuwepo. Mama yako alikuwepo, amekaa kwenye ukingo wa kitanda na kanga yake ya kijani. Daktari alisema mlango mmoja wa moyo umeharibika, labda tangu homa ya utotoni, na kwamba hapa hawana namna ya kuutengeneza. Alisema kwa upole, akarudia mara ya pili ili mama aelewe. Wewe ukamuuliza kama unaruhusiwa kupanda kilima kutoka stendi. Akasema polepole. Ukaniangalia kama mtu aliyepewa ushindi.

Nimekukasirikia na wewe pia, ujue. Umeniacha na watu hawa.

Sasa ngoja nikwambie walichofanya.

Baada ya matanga Mzee Shabani alileta mkanda wa Kinigeria. Ni habari ya mama mmoja mjane anayetaka utajiri. Anakwenda kwa mganga, mganga anampa kibuyu cha maji, ndani ya maji inaonekana sura ya binti yake. Mama anachoma sindano kwenye maji, binti anashika kifua, anaanguka. Ndiyo hivyo. Picha mbaya, Bupe. Damu yenyewe ni ya soda. Mganga amevaa saa ya mkononi. Lakini watu walijaa mpaka wengine wakachungulia madirishani, na walitoka wakiwa kimya. Picha ya Kihindi watu hutoka wakiimba, ya kareti hutoka wakirushiana mateke. Hii walitoka wakitazamana.

Jordani alikuwa na kipaza sauti chake. Unamjua Jordani, Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, mengine anatunga. Sisi ndiyo tulimpendea hayo. Jambazi wa Hong Kong anapewa jina la mwuza nyama wa sokoni, polisi wa Marekani anaulizia ndizi za Kiwira, banda zima linaangua kicheko. Basi safari hii, yule binti alipoanguka ameshika kifua, Jordani akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ileile ya mchezo: "Mnaona jamani? Kama yule mama wa Mpuguso, aliyemla binti yake mpenda video."

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka.

Mimi nilikuwa kwenye benchi letu. Niliondoka, kwa kuwa nilijua nikifungua mdomo nitalia, na sikutaka Jordani anione nalia.

Nilidhani itaishia hapo. Jumamosi, jua likianza kuinama, vijana walikwenda kwenu. Mama alikuwa uani anatikisa maziwa, kibuyu kile cha tangu enzi za bibi yako, kile tulichokuwa tunaibia mgando tukitoka shule. Kibuyu, Bupe! Kila mama wa Mpuguso anacho kibuyu. Mmoja akapiga kelele, "Hicho hapo, hicho hapo, kama kwenye picha!" Wakamnyang'anya, wakakipasua kwenye jiwe. Maziwa yakamwagika, nao wakayaruka kwa woga, wanaume wazima wakiogopa maziwa. Wakarusha mawe juu ya bati. Wengine wakapanda, wakang'oa.

Na kaka yako alikuwepo. Asajile. Hakurusha jiwe, watu wanaapa hakurusha. Alisimama njiani na baiskeli yake, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, akatazama. Mama alimwita kwa jina. Akamjibu, "Mama, kama hukufanya, kwa nini alikufa yeye mdogo ukabaki wewe mzee?"

Hilo ndilo swali alilomuuliza mama yake. Nimeliwaza sana na kila nikiliwaza nataka kuvunja kitu. Najua anaumia. Najua alikubeba mgongoni kuvuka mto ulipokuwa huwezi kutembea, na kwamba pale makaburini ilibidi wamshike. Lakini wote tunaumia! Mimi naumia na sijamwezulia mtu nyumba.

Mama alikuja kwangu Makandana kwa miguu, mvua ikinyesha, na kifurushi kimoja. Sikumwuliza. Nilimpa sweta langu na chai. Alikunywa, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu." Majirani wakaanza kuwaita watoto ndani anapopita. Mwenye nyumba wangu akaniuliza, kwa heshima zote, kama mgeni wangu atakaa sana.

Nikaenda kwa Mzee Shabani. Nilimwambia picha ile imevunja nyumba ya mtu. Alinipa kiti, akanisikiliza, mzee wa watu hana ubaya. Akasema, "Mwanangu, picha ni picha. Mimi nauza kivuli. Watu wakitoka nje wakafanya ujinga, ujinga ni wao." Nikamwambia kivuli hakisemi Mpuguso, aliyesema Mpuguso ni mtu wake mwenye kipaza sauti. Akakuna ndevu. Akasema atazungumza naye. Nikatoka nikiwa na hasira zaidi, kwa kuwa nusu ya maneno yake yalikuwa kweli, hata wewe ungeyakubali. Ulikuwa ukisema picha haina kosa, kosa ni la anayeitazama akiwa amelala macho wazi.

Niliporudi nikamweleza mama. Alikuwa anamenya ndizi. Akaniuliza, "Katika hiyo picha, mimi nimefanyaje?"

Nikamwambia si wewe, ni mwigizaji, mtu wa mbali. Akasema, "Watu wote wameniona humo isipokuwa mimi. Nipeleke nikajione."

Nilikataa. Nikamwambia watatuzomea, watatupiga. Akaendelea kumenya. Akasema kwa Kinyakyusa kwamba amewahi kumzika mume na sasa amemzika mtoto, banda la video haliwezi kumtisha. Kisha akaenda kujifunga kitambaa cha kanisani.

Tulikwenda Jumapili mchana. Ungeona, Bupe. Mama yako alikuwa hajawahi kuingia mle hata siku moja, miaka yote alikuwa anatugombeza kwamba tunakwenda kutazama mashetani ya umeme. Aliingia ameinamisha kichwa kama anayeingia nyumba ya msiba. Banda lilikuwa limejaa. Mzee Shabani mwenyewe alitoka mlangoni akasema, "Karibu, mama," akamwondoa mtu kwenye kiti cha plastiki cha mbele. Mama akaketi. Mimi nikasimama nyuma yake, mkono begani kwake. Asajile alikuwa kwenye benchi la ukutani. Sikujua kama angekuwepo. Aliangalia chini.

Mkanda ukawekwa. Jordani akashika kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Mabibi na mabwana," na hapo akaishia. Kila alipotaka kusema aliona kitambaa cha mama mbele yake. Picha ikaenda yenyewe, watu wanabishana kwa Kiingereza chao, hatuelewi neno, na hakuna aliyelalamika. Ikafika kwenye kibuyu. Ikafika kwenye sindano. Binti akashika kifua. Nilihisi bega la mama likikakamaa chini ya mkono wangu, nikaona kosa limefanyika, haikufaa kumleta. Binti akafa. Yule mama wa kwenye picha akatoka uani, akapiga ukelele mikono juu, akatembea huku na huku mbele ya waombolezaji, ametupa shingo, kanga inapepea.

Mama yako akasema, si kwa kelele, lakini lile banda lote lilisikia: "Mwongo huyu."

Akageuka. Hakumwangalia Jordani, hakuniangalia mimi. Akawaangalia waliokuwa nyuma. "Mama aliyefiwa hatembei hivyo. Miguu haipo. Nilipotolewa hospitalini nilibebwa. Asajile alinibeba. Muulizeni."

Kwenye kioo yule mama aliendelea kutembeatembea, na sasa kila mtu alikuwa anaiangalia miguu yake. Nakwambia niliwaona, Bupe. Wakaitazama ile miguu mpaka mwisho, na kila alipopiga hatua picha ilizidi kuonekana ya kijinga. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mganga naye ana saa." Mwingine akaguna. Hawakucheka. Ingekuwa hadithi nzuri kama wangecheka, au wangepiga magoti kuomba msamaha. Walitoka mmoja mmoja, wengine wakamwamkia mama, wengine wakapita kandokando ya ukuta. Vijana wawili wa lile kundi la mawe hawakumwangalia kabisa. Hao nawajua na sitawasahau.

Jordani alikuja kwangu baadaye, akasimama mlangoni. Alisema, "Sekela, ulikuwa utani." Nikamwambia utani wake umemwacha mama bila bati. Nilitaka kumfungia mlango. Mama akamkaribisha ndani, akampa chai. Nimekasirishwa na hiyo chai mpaka leo. Jordani akanywa kichwa chini, akasema wewe ulikuwa mtazamaji wake bora, kwamba ulipokuwepo alijitahidi. Sijui nimfanyeje mtu kama huyo.

Asajile amerudishia mabati. Hakuomba radhi. Alifika asubuhi, akasema, "Mama, nyumba imezibwa," akatazama viatu vyake. Nami nilikuwa na maneno tayari, makali, niliyoyanoa siku zote hizo, lakini mama akanishika mkono. Akasema, "Niachie. Ndiye niliyebaki naye." Sijamsamehe. Mama ndiye mwenye haki ya kusamehe, hasira ni mali yangu. Hata sasa akija hapa kwangu, akipewa chakula na mama anangoja kwanza mama aonje. Anangoja, Bupe! Naye mama anaonja, anamsogezea sahani, wanakula.

Mama anataka kurudi nyumbani kwake. Majirani wa huku hawamtaki na wa kule hawana hakika, kwa hiyo anasema ni heri kukaa na wasio na hakika. Nimefungasha cherehani. Kesho tunakwenda wote Mpuguso na nitalala kwenu mpaka anifukuze mwenyewe, nishone nguo palepale barazani, mbele ya njia, kila apitaye anione. Yeyote atakayesema neno juu ya mama yako atalisema machoni pangu. Nitamwambia daktari alisema nini, nitamwambia kwa sauti, kanisani, sokoni, msibani, katikati ya picha yoyote iwayo. Watanichoka. Nakuahidi hivyo, na unajua mdomo wangu.

Nikifika nitapitia kwako, nipalilie. Usinisubiri na maneno matamu, bado sijayapata. Pumzika wewe, Bupe. Kifua kisikuume tena. Hasira niachie mimi.

Wako,
Sekela