Blanketi la Vitenge Vyako, Dada Yusta

Dada Yusta,

Kamwene. Ni mimi Festo, mdogo wako, yule uliyesema Mungu alimpa mdomo kwanza, akili ikaja na gari la nyuma. Niko kwako Nyololo, kwenye kiti chako, mguu umenyooshwa juu ya stuli kama gogo. Ukungu umeshuka mpaka dirishani. Barabara kuu siioni, naisikia tu. Lori likikata gia najua limebeba nini na dereva wake ana haraka ya nini. Wao wanapita. Mimi nimekaa.

Usidhani nimekaa kwa kupenda. Tulipokwisha kukuzika nilirudi kwenye usukani wa lori, nikawa nabadilisha tairi pale Uyole, jeki ikateleza. Mfupa ukaenda kwake na mimi kwangu. Wamenitia chuma, wakanileta hapa kwako. Mtu aliyekula nshima Lusaka, akanywa chai Lubumbashi, akasalimiwa kwa jina mpaka Harare, leo safari yake ndefu ni kitandani mpaka chooni.

Lakini kilichonifunga hasa si mguu. Ni mdomo.

Siku ya kugawa nguo zako, kabla sijarudi kazini, walitandika mkeka sebuleni, sanduku likafunguliwa. Unawajua watu wetu. Hata wale waliokuwa hawakusalimii wakakumbuka kwamba mlikuwa chanda na pete. Shangazi wa Ubaruku akashika kile kitenge chako cha ndege wa bluu, binamu yetu wa Uyole akashika upande wa pili, wakavutana. Sare yako ya kwaya ikadondoka, ikakanyagwa. Moyo ukaniuma, nami ukiniuma unajua ninavyofanya. Nilisimama nikahutubia.

"Hakuna kugawana! Vyote nitavishona blanketi moja la viraka, kama alivyokuwa akishona mwenyewe. Litakuwa la ukoo, na halitakuwa na kosa hata moja! Siku ya kuweka msalaba kaburini mje mlikague. Mtu akiona mshono umepinda, chukueni vyote!"

Nani alinituma, dada? Shangazi alinitazama kuanzia viatuni. "Sawa, baba. Tutakagua."

Sasa usicheke. Kushona najua. Maturubai ya lori nimeyashona mwenyewe porini, fisi wakinitazama kwa heshima. Nikaona kitenge ni turubai dogo tu. Nikachukua rula, nikakata vipande vya mraba, vingine wima, vingine mshazari ili maua yakae ninavyotaka. Hapo ndipo nilipoingia mtaroni. Kitenge ukikikata mshazari kinavutika kama mpira, turubai halina mambo hayo. Pembe hii ikikutana, ile inakimbia. Nikafumua. Nikashona. Nikafumua. Cherehani yako iko mbele yangu, lakini inataka miguu miwili, kwa hiyo ni sindano ya mkono, na vidole vimekuwa chujio. Asubuhi nafumua ya jana, mchana nashona ya kufumua kesho. Vipande vingine vilifumuliwa mpaka pindo likabaki nyuzi.

Nikawa naogopa kulishika, naogopa kuliacha. Kisha inaita simu ya Ubaruku.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Blanketi limefika wapi?"

Limefika wapi! Kama mzigo. "Linakaribia Makambako, shangazi." Anakata bila kucheka.

Na kila kipande kina wewe, hilo ndilo lililonimaliza. Hiki cha njano ulikivaa ukisimama kando ya barabara na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, mimi napiga honi tangu konani ili Nyololo nzima ijue mdogo wake Yusta anapita. Unafumua uzi, unaona unamfumua mtu. Nililia, dada. Mimi. Usimwambie yeyote huko.

Mama Upendo, jirani yako mliyeshona naye, ndiye aliyekuwa akiniletea makande. Siku moja akanikuta napima kiraka kwa rula, miwani imeshuka puani. Akasimama mlangoni.

"Dereva, unashona au unapitisha mizani?"

Kwa dereva hilo ni tusi. Nikamwambia aketi ajionee kazi ya mtu aliyetembea. Hakuketi. Akavuta lile blanketi lako la zamani ninalojifunika, akalitandaza juu ya mguu wangu mbovu. "Tazama hapa."

Dada! Nimelala chini ya kitu kile tangu nitoke hospitali na sikuwahi kukiona. Kipande kirefu, kipande kifupi, mistari inapinda kama barabara ya Kitonga. Mfuko wa kaptura ya shule umeshonwa mzima mzima na kifungo chake. Nikauliza, ni Yusta yule yule aliyekuwa akifumua sare ya mtoto kwa sababu kola imepanda uzi mmoja?

Mama Upendo alicheka mpaka akashika ukuta. "Sare zilikuwa za wateja. Haya mablanketi yalikuwa raha yake. Ukimwambia limepinda, anakujibu: 'Liache lipinde, nalo lipumzike.'"

Akaenda zake na bakuli lake, akaniacha na neno lako.

Rula nikaisukuma chini ya godoro. Si kwamba hofu iliisha. Siku ya msalaba ilikuwa inakuja, na ahadi yangu watu waliisikia. Ila nilichoka kufumua. Vilivyovutika nikavishona hivyo hivyo. Palipobaki pengo nikatia kiraka. Wale ndege wa bluu nikawashona kichwa chini, nikaja kugundua wakati wameshazungukwa na viraka pande zote. Mkono ukaenda kwenye wembe wa kufumulia. Nikawaangalia. Wamelala chali kama walevi wa ulanzi. Nikacheka peke yangu, kwa sauti, ndani ya nyumba yako. Nikawaacha.

Tangu hapo, sijui nikuelezeje. Ukungu ule ule, mguu ule ule, kiti kile kile, ila mikono ilikuwa imetoka nje inatembea. Makande yalikuwa yanapoa na mimi sina habari.

Siku ya msalaba sikuweza kupanda makaburini, magongo yalikuwa yanateleza kwenye tope. Nilisikia nyimbo zako kwa dirisha. Waliporudi nikalitandaza mkekani. Juu vitenge, katikati blanketi jingine kuukuu, chini shuka. Shangazi akavaa miwani, akapiga magoti, akapitisha kidole mshono kwa mshono. Akafika kwa ndege.

"Festo."

"Naam, shangazi."

"Hawa wamekufa?"

Watu wakaziba midomo. Mimi hotuba nilikuwa nayo, ndefu, yenye Zambia na Kongo ndani. Ikakataa kutoka. Nikasema, "Wamepinduka, shangazi. Na kwingine kote kumepinda. Niliahidi mbele yenu. Basi, vichukueni."

Kidole kikaendelea. Kikasimama kwenye kile cha zambarau. "Hiki alikivaa aliponiuguza," akasema. Binamu naye akapiga magoti upande wa pili, akatafuta, akaona chake, akakilazia shavu. Nyumba ikawa na watu wazima wanatambaa mkekani kama watoto wachanga.

Kisha shangazi akagusa pembeni. "Hapa hujamaliza."

"Vitenge vimeniishia."

"Nipe mkasi." Akakata upindo wa kitenge alichojifunga mwenyewe, akaketi, akaushona pale pale. Mishono mikubwa kama ya kufunga gunia la mpunga! Ndiyo mibaya kuliko yote, na hakuna aliyethubutu kusema. Akauma uzi, akakunja blanketi, akaniwekea magotini. "Likae nyumba hii. Anayekuja kulala, ajifunike."

Sikudanganyi kwamba nimefunguliwa. Daktari anasema habari ya usukani tuisahau kwanza. Mchana mwingine lori linapiga honi, natamani kurusha gongo dirishani. Lakini nimeanza blanketi jingine, la mabaki ninayoletewa na mafundi. Simshonei mtu yeyote.

Nakuahidi jambo moja, na unajua lilivyo gumu kwangu: la safari hii sitalitangaza. Halina siku, halina sifa, halina mkaguzi. Mama Upendo ameniuliza leo ni la nani na litakwisha lini. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikaurudisha.

"Nashona tu," nimemwambia.

Pumzika, dada yangu. Nashona tu.

Mdogo wako,
Festo